Fuko Hakati Hivi

Siku ya kwanza ya somo la misitu, mwaka wangu wa kwanza chuo kikuu, mhadhiri alitaka kila mtu asimame aseme kwao ni wapi. Tulikuwa thelathini na kitu, wasichana watatu tu, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa mbele kwa sababu niliambiwa wanaokaa mbele ndio wanaofaulu. Zamu yangu ilipofika nilisema, "Giakanja, Nyeri," nikaketi. Sikumeza hata mate. Giakanja palikuwa kwa shangazi yangu, dada ya baba, mwenye shamba lenye hati, kahawa, ng'ombe wa gredi na nyumba ya mawe. Sisi tulikaa juu zaidi, ndani ya msitu wa serikali upande wa Nyandarua, katika kijiji cha wakulima wa msituni, kwenye nyumba ya mabanzi. Mabanzi ni zile mbao za pembeni ambazo kiwanda huzitupa zikiwa bado na maganda.

Mhadhiri wetu hakuwa mtu mbaya. Alitoka magharibi ya nchi, alipenda miti kwa dhati, na alikuwa na tabia ya kusugua kichwa anapofikiri. Lakini siku hiyo hiyo alituambia kwamba adui wa kwanza wa msitu ni mtu anayekaa ndani yake. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu na kuyapigia mstari kwa rula. Baada ya hapo ningesemaje kwamba nilidanganya kidogo, kwamba kwetu si Giakanja hasa?

Kwa asiyejua, mambo yalikuwa hivi. Serikali ikishavuna miti iliyokomaa, ilimgawia mkulima asiye na ardhi kipande cha hapo palipokatwa. Alilima viazi, njegere na maharagwe, na katikati yake akapanda miche ya saipresi aliyopewa na idara, akaipalilia pamoja na mimea yake. Baada ya miaka mitatu hivi miti ilikuwa imeinuka, kivuli kimefunga, viazi havimei tena. Hapo alitakiwa kuondoka, aiachie serikali miti, apewe kipande kingine. Vitabu vyetu vya chuo viliusifu mpango huu sana: mkulima anapata chakula, serikali inapata msitu, kila mtu anaridhika. Vitabu havikusema kwamba kipande kingine huenda kisipatikane, au kipatikane kule juu kwenye mianzi ambako ndovu wanavuna kabla yako. Na asiye na kipande hakuwa na ruhusa ya kukaa kijijini.

Kwa hivyo miti ilikuwa inakufa. Nilifundishwa jinsi inavyokufa nikiwa na miaka tisa, na aliyenifundisha ni mama. Unachomeka panga kwa mshazari, kiganja kimoja kutoka shina, unakata mzizi mkuu chini kwa chini bila kutikisa juu, kisha unarudisha udongo na kuukanyaga kwa kisigino. Mche unabaki wima, kijani kabisa, kwa wiki mbili. Halafu unaanza kugeuka rangi ya kutu, na kila anayepita anasema jua la mwaka huu limezidi. Hukati yote. Unakata mmoja hapa, mmoja kule, usije ukaamsha watu. Pengo linapandwa mche mpya msimu unaofuata, na mche mpya ni mwaka mwingine wa viazi. Baba alikuwa amekufa nikiwa darasa la pili, na dada yangu mkubwa aliolewa mapema Murang'a. Mimi na mama tulikata mizizi tukiwa tumeinama bega kwa bega, tukiongea habari za kanisani.

Mama hakuwahi kuniita kwa jina langu. Kwetu binti wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama, na kwa sababu hiyo aliniita Maitu, yaani mama yangu, kwa heshima ya yule aliyemzaa. Alinituma maji kwa jina hilo, akanigombeza kwa jina hilo, na nilipopata nafasi ya chuo kikuu alitembea kijiji kizima akiwaambia watu kwamba mama yake anaenda Nairobi kusomea miti. Watu walicheka. Yeye pia alicheka, kwa sababu alijua vizuri sana ni miti gani iliyonisomesha na ilivyokufa.

Uwongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Msichana niliyekaa naye chumba kimoja alitoka Murang'a, kwao walikuwa na kahawa, na alidhani amepata mwenzake. Aliniuliza kama kahawa yetu imepigwa na ugonjwa wa matunda mwaka huo. Nilienda maktaba kusoma ugonjwa wa matunda ya kahawa ili niweze kulalamika vizuri. Kufikia mwaka wa pili nilikuwa nimeshajenga tangi la maji Giakanja, nimenunua ng'ombe wa tatu, na nimemfanya shangazi yangu kuwa mama yangu. Huyo mama wa kubuni nilimpa hata sauti ya upole ya shangazi. Huyo msichana alinihurumia kwa sababu mama yangu, kwa wingi wa kazi za shamba, hakuwa na muda wa kuja kunitembelea. Sikuwa na raha, lakini nitakuwa mwongo tena nikisema niliteseka. Nilikuwa nafaulu kila mtihani, na kufaulu kulinilewesha.

Mwaka wa tatu tulitakiwa kwenda mafunzo ya nje, kuhesabu miche iliyopona katika mashamba ya msituni. Mhadhiri alipotaja kituo tutakachokwenda, niliinua mkono na kupendekeza twende upande wa Mlima Kenya badala yake. Nilitoa sababu za udongo na za mvua. Alisugua kichwa akasema sababu zangu ni nzuri sana, lakini alishamwandikia barua foresta, yaani afisa msimamizi wa msitu wa pale, na foresta amekubali. Kituo kilikuwa chetu. Foresta mwenyewe alikuwa mgeni, amehamishiwa pale mwaka uliopita, hanijui. Nilijipa moyo kwamba kituo ni kikubwa, vipande ni vingi, na labda mama amehamishwa.

Nilikuwa na suruali ya kazi niliyoshonewa na fundi mmoja Mwislamu pale Majengo, mjini Nyeri, likizo iliyotangulia. Fundi huyo aliniuliza mara mbili kama ni ya kaka yangu. Nilikuwa nimeificha chini ya sanduku mama asiione, maana kwetu msichana wa suruali alikuwa msichana aliyeharibika. Nilipanda basi la chuo nimeivaa, na kofia, na miwani ya jua niliyoazima. Mwenzangu wa Murang'a alisema ninafanana na mtu anayekimbia polisi.

Tulilazwa katika madarasa ya shule ya msingi ya msituni, wanafunzi wakiwa likizo. Ilikuwa shule yangu. Nilifuata wenzangu kutafuta choo nilichokijua tangu darasa la kwanza, na kilipopatikana nikasema, "Kumbe kiko huku." Nilimsikiliza foresta akitueleza kwamba ng'ambo ya bonde kuna kijiji cha wakulima, nikatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari mpya. Kutoka dirisha la darasa la saba niliona moshi wa nyumba yetu. Ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, jua bado liko juu, na mhadhiri alikuwa ametupa jioni nzima tupumzike. Sikwenda. Nilijiambia nitakwenda kesho yake, watu wakiwa wamechoka, na nikakaa kuchonga penseli ambazo zilikuwa zimeshachongwa.

Asubuhi foresta alitupitisha mstari baada ya mstari. Ukungu ulikuwa bado haujainuka na suruali yangu ililowa hadi magotini. Tulihesabu kipande cha kwanza na cha pili. Tulipokata kona ya kipande cha tatu nilimwona mama amesimama mwisho wa matuta yake, amevaa kitambaa chake cha kanisani, kiondo begani, panga mkononi. Habari za wanafunzi kutoka Nairobi wanaosomea miti zilikuwa zimeshafika kijijini, na yeye alikuwa na mtoto Nairobi anayesomea miti. Alikuwa amejumlisha mwenyewe, akaja kuningoja.

Alianza kunijia. Alikuwa ameshafungua mdomo, na nilijua jina litakalotoka. Nilitangulia. Nilinyoosha mkono kutoka mbali, nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikika na wote, "Hujambo, mama. Sisi ni wanafunzi wa chuo kikuu."

Alinitazama usoni, halafu akatazama suruali, halafu akatazama watu waliokuwa nyuma yangu. Haikuchukua muda. Alihamisha panga mkono wa kushoto, akapangusa wa kulia kwenye sketi, akanishika mkono.

"Sijambo, madam," alisema. "Karibuni shamba."

Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni na cha foresta, hakikumtosha, lakini siku ile alikitumia chote. Alitua kiondo akatoa sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. "Nimewaletea viazi kidogo. Hii ni viazi ya hapa hapa. Mukule, mutoke baridi." Vilikuwa viazi vya kuchemsha vilivyorushwa na kitunguu cha majani, chumvi nyingi, kama ninavyopenda mimi. Hakuna mtu anayewapikia wageni wasiojulikana viazi vyenye chumvi nyingi hivyo. Aligawa kwa mkono wake, akianza na mhadhiri, na aliponifikia aliniwekea sawa na wengine, si kimoja zaidi. Mwenzangu wa Murang'a alinong'ona kwamba mama huyu anamkumbusha nyanya yake. Nilikula kichwa nimeinamisha. Nilisema asante, kwa adabu sana.

Kama ningekuwa nimeishia hapo, ningekuwa na aibu ya kawaida, ile ambayo watu wengi wa rika langu wanayo. Wengi wetu tuliwaficha wazazi wetu kwa njia moja au nyingine. Mimi sikuishia hapo.

Tulihesabu. Mimi nilishika daftari. Katika mstari wa kwanza niliona michache imekauka, wa pili vivyo hivyo, na nilijua kila mmoja uliokufa kwa nini ulikuwa huo na si wa jirani yake. Mhadhiri aliona idadi imezidi ile ya vipande viwili vya kwanza, akasugua kichwa.

"Mama, hii miti inakufa kwa sababu gani?"

"Ni jua, mwalimu," mama alijibu. "Na fuko. Fuko iko mingi hapa, ati inakula mizizi mchana na usiku."

Kulikuwa na mvulana mmoja darasani tuliyekuwa tukishindana naye tangu mwaka wa kwanza, leo yeye juu, kesho mimi. Alipiga magoti, akachimbua mche mmoja mkavu kwa mikono, akauinua. Mzizi mkuu ulikuwa umekatika kiganja kimoja chini ya shina. Akaanza kueleza. Alieleza meno ya fuko, mashimo yake, na jinsi anavyopenda udongo uliolegezwa na jembe. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza kilichonyooka, na kila alichosema juu ya fuko kilikuwa kweli.

"Vizuri kabisa," mhadhiri alisema. "Nilikuwa nangoja mtu aone. Andikeni: fuko." Foresta alishusha pumzi. Baadaye nilielewa kwamba yeye alijua, kama maforesta wote walivyojua, na alikuwa ameamua kutojua. Mama alifunga sufuria yake. Kalamu zote zilikuwa zinaandika fuko, na kipande kile kilikuwa salama.

Nimejaribu mara nyingi kukumbuka nilifikiri nini katika muda ule. Ningependa kusema niliogopa kugunduliwa, au nilipenda ukweli, au miti ilinihurumisha. Hakuna. Nilimwona yule mvulana akipangusa magoti huku ametabasamu, na nikaona atapata alama kwa jibu ambalo si sahihi. Hilo tu. Kwa dakika kama tatu hivi nilisahau kabisa kwamba pale ni kwetu.

"Fuko hakati hivi," nilisema.

Kila mtu aligeuka. Mhadhiri aliniambia niendelee, nami niliendelea. Nilichukua mche kutoka mikononi mwa mwenzangu. Nilisema fuko hutafuna, kwa hivyo mzizi hubaki na nyuzi nyuzi na alama za meno, ilhali huu umekatwa mara moja, laini, kwa mshazari. Nilisema fuko huuvuta mmea chini na kuacha kichuguu cha udongo, na hapa hakuna kichuguu, ila udongo umeshindiliwa upande mmoja wa shina. Nilisema miche iliyokufa haifuatani kama ambavyo ingefuatana njia ya fuko. Imeachiana nafasi, kama mtu aliyechagua. Sauti yangu ilikuwa tulivu. Nilijisikia nikiongea na nikapenda ninavyosikika.

"Imekatwa na nini basi?" mhadhiri aliuliza.

Niligeuka kwa mama. "Nipatie hiyo panga, mama."

Alinipa. Aliligeuza kwanza, akanipa mpini.

Nilipiga goti kando ya mche mzima, wa kijani, usio na kosa. Nilipima kiganja. Niliingiza panga kwa mshazari, nikasikia ile sauti ndogo ya mzizi, nikatoa, nikarudisha udongo kwa upande wa panga na kuukanyaga kwa kisigino cha kushoto. Mche haukutikisika. Niliwaambia warudi baada ya wiki mbili waone. Nilifanya vizuri sana, na sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mhadhiri alisema hii ndiyo maana ya kutumia macho, akaniuliza nimejulia wapi.

"Nimesoma mahali, bwana. Ripoti fulani, maktaba."

Niliposimama kumrudishia mama panga ndipo akili iliponirudia. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameangalia kisigino changu, mahali pale nilipokanyaga, na nilikumbuka kwamba ni yeye aliyenikataza nikiwa mdogo nisitumie cha kulia, kwa sababu mguu wa kulia una papara.

Foresta hakuwa na la kufanya tena. Angeweza kufumba macho mbele ya wakulima, lakini si mbele ya mhadhiri wa chuo kikuu na wanafunzi thelathini wenye kalamu. Alitoa kitabu chake mfukoni taratibu, kama mtu anayetafuta kisingizio njiani.

"Mama, hii ni wewe?"

"Ni mimi," mama alisema. "Hao wengine wa laini hii hawajui. Andika mimi peke yangu."

Akaandika. Tukaenda kipande cha nne.

Jioni hiyo pia sikwenda ng'ambo ya bonde. Wala ya tatu. Tulirudi Nairobi, na niliandika ripoti ya kurasa arubaini ambamo mama yangu alikuwa "mkulima wa kipande cha tatu". Nilichora mchoro wa panga na pembe ya mkato. Mhadhiri alisoma sehemu yake mbele ya darasa, akasema ndiyo kazi bora aliyopokea tangu aanze kufundisha, na yule mvulana alinipa mkono kiungwana. Sasa kwa vile nimefanya kazi ya uhifadhi maisha yangu yote, naweza kusema bila kigugumizi kwamba ripoti ile ilikuwa sahihi. Sisemi mama alifanya vyema. Milima ile ingebaki vipara, na mito yetu ingekauka, kama kila mkulima angekata kama sisi tulivyokata. Nimesema hivyo mbele ya watu wengi na nitasema tena. Lakini ukweli ule haukuwa wangu kuusema, siku ile, kwa sababu ile, na panga lile. Nilijua hivyo nikiwa nimesimama darasani napigiwa makofi, na nilisimama nikapigiwa.

Nilirudi nyumbani likizo ilipofika. Nje ya nyumba yetu ya mabanzi kulikuwa na nguo za watoto nisiowajua, na mlangoni akatoka mwanamke mwingine na mtoto mgongoni. Niliulizia kwa jirani. Huyu alikuwa mwanamke aliyenilea nusu, nilikula kwake mama akichelewa shambani. Hakunikaribisha ndani. Alisimama mlangoni, ameshika fremu.

"Walimpatia siku za kuvuna tu," alisema. "Alivuna, akauza hiyo viazi, akaenda Wang'uru. Huko kuna mama mmoja wa kanisa yetu anapalilia mchele ya watu."

"Mbona hamkuniandikia?"

"Yeye alikataa. Ati uko na mtihani."

Nilishuka Nyeri, Karatina, Sagana, hadi Mwea. Nilikuwa sijawahi kufika kule. Joto lilinipokea stendi ya Wang'uru nikiwa na sweta ya mlimani, na mbu mchana kweupe, na mashamba yamelala tambarare yamejaa maji mpaka macho yanapochoka. Niliwaza mama, ambaye maisha yake yote alilala na blanketi mbili, amelazaje kichwa huku. Niliuliza kanisa, kanisa likanielekeza kwa yule mwanamke, na mtoto wake akanionyesha tuta la kupita.

Walikuwa wanawake saba au wanane mstari mmoja, wamefunga sketi juu ya magoti, wameinama majini wakipalilia. Nilimtambua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, na aliposimama kuniangalia niliona weupe wa macho umeingia manjano kidogo. Alikuwa ametoka kuugua malaria wiki ile, nilikuja kuambiwa. Alikuja hadi ukingoni, akabaki ndani ya maji, na mimi nikabaki juu ya tuta na viatu vyangu.

Nilimwambia yote. Nilimwambia kwa Kikuyu, haraka, vibaya, nikianzia Giakanja ya mwaka wa kwanza, kahawa, ng'ombe, shangazi, hadi yule mvulana na fuko. Nilisema nilimkana kwa aibu na nikamuuza kwa sifa. Alinisikiliza akiwa ameshika konzi ya magugu yanayodondosha maji, na hakunikatiza. Nilipomaliza aliyatupa magugu kwenye tuta.

"Foresta aliniita ofisini baada ya ninyi kuondoka," alisema. "Mtu wa kijiji alikuwa amemwambia yule msichana wa suruali ni wangu. Akaniuliza mara tatu. Akasema, kama ni wako sema tu, nitazungumza na mwalimu wake, hatuwezi kumfukuza mama wa mtu wa chuo kikuu kwa ajili ya miti sita. Hata kitabu alikuwa bado hajakipeleka Nyeri."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia simjui."

Nilimuuliza kwa nini. Sauti yangu ilitoka juu, kama namlaumu yeye. Alinishangaa kidogo, kama ambavyo ungemshangaa mtu mzima aliyeuliza jambo la mtoto.

"Wewe ulikuwa umeshasema hunijui, mbele ya watu wako wote. Mimi ningesema ni wangu, wewe wangekuona nani?"

Mwanamke wa karibu naye katika mstari alinyooka, akashika kiuno, akatutazama sote wawili. Alikuwa mtu mchangamfu, na kazi ilikuwa imemchosha, akataka mazungumzo.

"Huyu mgeni ni nani?" alimuuliza mama.

Mama alifungua mdomo, akaufunga. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama, akangoja aone nitasema yeye ni nani.